Taa za Pijo la marehemu mzee zimezua maneno

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 44, naishi Ilemela, ni mtoto wa pili kati ya watano. Mzee wetu alifariki kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, na nalitaja daraja kwa sababu ndilo lililoanzisha haya yote. Alikuwa mkaguzi wa pamba, akizunguka Kwimba, Magu na Misungwi, na maisha yake yote alimiliki gari moja tu: Peugeot 504 stesheni wegoni ya mwaka 1979, ile yenye safu tatu za viti. Gari hilo lilitubeba kwenda kubatizwa, lilimpeleka bibi Bugando, na kila tulipokwenda kwao Sengerema tulisinzia ndani yake pale Kigongo tukisubiri kivuko. Mama amesema anataka kulivuka daraja akiwa ndani ya Pijo la mumewe, hataki Hiace ya kukodi. Na mdogo wetu wa mwisho anafanyiwa sendofu Sengerema Desemba hii.

Tukakaa kikao, tukachanga, ikapatikana milioni tatu. Nikakabidhiwa mimi kwa sababu niko karibu na magari nayajua kidogo. Injini imefunguliwa ikafungwa, breki zimekaa sawa, matairi yapo. Kilichobaki ni taa za mbele. Kama unalifahamu gari hili, taa zake si zile za duara unazozikuta duka lolote. Zina umbo lake la pembe, zimekatwa kwa upande, na huwezi kuazima kwenye gari jingine. Ya kushoto imevunjika kioo, ya kulia imeliwa na kutu ndani, pale panaporudisha mwanga. Mjini hapa nilipouliza kwenye maduka ya spea, vijana waliniuliza kama natania. Nikaingia mtandaoni.

Huko ndiko nilikochanganyikiwa. Kuna mtu Ufaransa anauza jozi iliyotumika kwa euro 60, tuseme laki moja na themanini. Mwingine, Ufaransa hiyo hiyo, anataka euro 390 kwa taa moja tu, mpya kabisa, imekaa stoo ndani ya boksi lake tangu enzi hizo. Uingereza yupo muuzaji anayeshughulika na spea za Peugeot za zamani peke yake; jozi yake ya magari ya usukani wa kulia, ukijumlisha usafiri, inafika milioni mbili na laki tatu. Kuna duka la mtandaoni linauza kopi mpya, "zinazofanana", laki tatu na ishirini. Na Nairobi kuna jamaa mwenye jozi ya mtumba aliyeniambia laki sita na nusu, nikamwambia nipe muda nizungumze na ndugu. Niliporudi, picha ile ile, taa zile zile, zimekuwa laki tisa.

Nikaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Taa zimepatikana Uingereza, 2,300,000, hela iliyobaki haitoshi, naomba tuongeze." Hata chai haijapoa, mdogo wangu aliye Dar akaweka picha ya zile za Ufaransa: "Kaka, mbona taa hizi hizi huku ni 180,000?" Kundi zima kimya. Baadaye dada yetu mkubwa akaandika: "Ingekuwa vizuri tuone risiti zote, hata za injini." Shemeji mmoja akatuma macho mawili. Mshauri, mimi nile cha juu kwenye gari la baba yangu?

Zile za laki na themanini nazifahamu. Ni za nchi wanazoendesha upande wa kulia wa barabara. Ukiweka dimu, mwanga wake unakwenda kulia, na hapa kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako. Utampofusha. Lakini sijajibu chochote kundini. Nimeona nikianza kueleza nitaonekana najitetea.

Mama tangu siku hiyo hajaniuliza habari za gari. Mke wangu anasema nirudishe hela iliyobaki, huyo wa Dar aje amalizie mwenyewe. Kuna bwana wa Arusha anayekusanya magari ya zamani, anatoa milioni saba alichukue lilivyo. Na mimi usiku nawaza mawili: ninunue zile za laki na themanini, nifunge mdomo, wafurahi, au nikope SACCOS nilipe zile za Uingereza mfukoni mwangu, waone aibu. Nifanyeje?

Mlezi wa Pijo, Ilemela

*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kulifikisha gari hapo lilipofika. Injini ya 1979 haiamki kwa maombi peke yake.

Nikiziweka taa pembeni kidogo, barua yako inaniambia hivi. Ulikabidhiwa hela ya ndugu na kitu cha baba. Umefanya kazi. Kisha likaja swali moja mbele ya watu wote, ukaumia, ukanyamaza, nao wakanyamaza. Sasa kila njia unayoiwaza usiku ni ama ya kujitoa ama ya kuwaaibisha. Nimeona pia kwamba umezieleza taa za watu watano, wa Ufaransa hadi Nairobi, kwa kina kabisa, lakini sikuona mahali popote mdogo wako alipokupigia simu, wala wewe kumpigia.

Tuanze na bei hata hivyo, maana hapo ndipo nyote wawili mmekwama, na mmekwama pamoja kuliko mnavyodhani. Yeye anaamini taa hii ina bei yake ya haki, na ni laki na themanini. Wewe unaamini ina bei yake ya haki, na ni milioni mbili na ushee. Kwa taa ya Corolla mngekuwa na hoja, kwa sababu kiwanda kipo, maduka ni mengi, na muuzaji akizidisha unavuka barabara. Gari la mzee halina barabara ya kuvuka. 504 ilitoka mwaka 1968, na Ufaransa wakaacha kuitengeneza saluni yake, yaani ile yenye buti, mwaka 1983. Nje ya Ufaransa iliendelea kuundwa miaka mingi, Argentina na Nigeria, kule Kaduna, na wenzetu wa Kenya waliiunganisha Mombasa. Sasa angalia ramani: Ufaransa, Argentina na Nigeria wote wanaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo taa zilizobaki duniani nyingi ni za upande usiokufaa, na zinazokufaa ziko kwa watu wachache, Kenya, Uingereza, Afrika Kusini na Australia. Mwenye hizo chache anajua anazo.

Bei nayo inafuata aliyeshika kitu yuko katika hali gani. Yule wa euro 60 huenda anasafisha banda la marehemu babu yake na anachotaka ni nafasi. Yule wa Uingereza amezilaza taa kwenye rafu miaka na miaka akilipia pango, amezikagua, na kama ni muuzaji makini atakubali umrudishie zikifika zimepasuka. Hayo yote yamo ndani ya bei yake. Jamaa wa Nairobi hakubadilisha hata bulbu kati ya laki sita na nusu na laki tisa. Ama kuna mtu mwingine aliuliza katikati, ama amekusikia unavyozitaka. Wauza spea wana masikio, mwanangu.

Hapa naomba nikuulize jambo kwa upole. Ulipoandika 2,300,000 kundini, ilikuwa bei uliyozungumza na mwenye mali, au ndiyo aliyoibandika? Maana bei ya kubandika mtu yeyote anaweza kuiandika, hata milioni kumi, na ikakaa pale miaka bila mnunuzi. Kwenye mitandao mingi ya mnada unaweza kuchuja ukaona vilivyokwisha kuuzwa na viliuzwa kwa shilingi ngapi, na mara nyingi hapo ndipo macho yanafunguka. Inawezekana ukakuta yule wa Uingereza yuko sawa kabisa. Inawezekana pia ukakuta anasubiri mtu mwenye sendofu Desemba.

Na ile laki na themanini ya mdogo wako nayo si laki na themanini. Ni bei ya taa ikiwa bado mezani kwa Mfaransa. Kioo kikisafirishwa kinataka kufungwa vizuri na kukatiwa bima. Kikifika, forodha hupiga ushuru kwenye jumla ya bei, usafiri na bima, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake. Wewe uliandika bei ikiwa na usafiri, yeye akaweka bei bila usafiri, na familia ikasoma namba mbili kana kwamba ni za kitu kimoja. (Kwa ile ya Uingereza ushuru hukuutaja. Uliuhesabu?)

Kuhusu kulia na kushoto, nilimwonesha barua yako fundi mmoja mzee wa Nyakato ambaye Pijo ndizo zilizomlea, bila kumwambia ni ya nani. Akanichorea kitu ambacho sikukijua. Taa zilizopasishwa kwa kanuni za Ulaya zina alama kwenye kioo: herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyozipasisha, 2 ikiwa Ufaransa, 11 Uingereza. Namba hiyo haikwambii upande. Kinachokwambia upande ni mshale. Ukisimama mbele ya taa ukaitazama, taa ya nchi zinazoendesha kushoto kama yetu ina mshale mdogo unaoelekea mkono wako wa kulia. Ya nchi zinazoendesha kulia haina mshale. Yenye mshale wa kwenda pande zote mbili inaweza kurekebishwa ikafaa kote. Muuzaji yeyote anaweza kuipiga picha alama hiyo kwa simu, na asiyetaka kuipiga naye amekujibu.

Jambo hili wewe unalijua kwa namna yako, na pengine fundi wako analijua. Je, mdogo wako analijua? Kwenye picha taa zote ni sura moja. Mtu aliyeko Dar, ambaye hajawahi kuliendesha gari la usukani wa kushoto, akiona kioo kile kile kwa bei ndogo namna ile, neno litakalomtoka ni "mbona". Wewe ulilisoma kwa sauti ya mshitaki. Inawezekana ndivyo alivyolisema. Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui. Lakini inawezekana pia kwamba kijana yuko mbali, gari la baba linaamka bila mkono wake, akaamua naye atafute kidogo, akapata, akafurahi, akaweka. Maandishi ya simu yanafika bila uso. Sijui ni lipi kati ya hayo, na nadhani hata wewe hujui bado.

Risiti za dada zinauma, nakubali. Mkubwa akidai risiti mbele ya shemeji, damu inachemka. Ila hela ya kuchanga ina tabia hiyo popote, iwe ya msiba au ya harusi, na mara nyingine anayedai risiti anamfungia mlango yule ambaye angeanza kunong'ona kesho. Ukiziweka zote kundini, za injini, breki na matairi, pamoja na bei tano ulizonieleza mimi, watakuwa na kitu cha kusoma badala ya kukisia. Hatari yake iko kwenye sentensi utakayoitanguliza. Risiti zilezile zikitanguliwa na "haya, chukueni risiti zenu" ni vita.

Sasa zile njia zako. Kununua za laki na themanini na kufunga mdomo: naelewa kinachokuvuta, maana utaonekana mwaminifu kwa kufanya usichokiamini. Lakini taa hizo utawasha wewe, usiku, kwenye njia ya Usagara, mama akiwa kiti cha mbele na lori likija. Najua Waingereza wakivuka kwenda Ufaransa hubandika vipande kwenye vioo vya taa kuuzuia mwanga usiwapige wenzao, na fundi anasema kinyume chake kinawezekana hapa. Kinapunguza mwanga, na wenzetu wanakifanya kwa safari za likizo. Kwa siku moja ya sendofu, na mrudi kabla ya jua kuzama? Hilo ni la kupima na fundi wako. Nikuambie tu kwamba siri ya namna hii haidumu. Siku mdogo wako atakapolishika usukani atauliza kwa nini kila gari linalokuja linamwashia ful.

Mkopo wa SACCOS kwa ajili ya kuwaaibisha unaniogopesha zaidi. Sisemi huwezi kuulipa. Ila ukishalipa milioni mbili zako, gari litaanza kuitwa lako, kwanza na mkeo kwa utani, kisha na wewe mwenyewe siku utakayochokozwa. Na hapa nauliza jambo ambalo hukuligusa: kadi ya gari ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, na kama mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi, basi ninyi watano na mama mnatengeneza kitu ambacho bado hakijagawanywa. Mtu aliyeuliza bei ya taa huenda anauliza, bila kujua aulizeje, gari hili mwisho wake litalala kwa nani. Huyo bwana wa Arusha na milioni zake saba naye hawezi kuuziwa na wewe peke yako, hata ukichoka kiasi gani.

Kurudisha hela na kujitoa, kama anavyosema mkeo, si woga. Yeye ndiye anayekuona usiku ukigeuka kitandani, na maneno yake yana uzito. Kunakupunguzia mzigo kweli. Ila kuna namna ya kuurudisha mzigo na kuna namna ya kuubwaga mtu akaumia mguu. Ipo pia njia iliyo katikati, ya kumwachia mdogo wako sehemu moja tu: yeye atafute taa, wewe uendelee na gari. Mpe kazi ya mshale. Amwombe Mfaransa wake picha ya alama, amwombe na wa kopi, na wa Nairobi. Akigundua mwenyewe, hutakuwa umejitetea. Hatari yake ni kwamba anaweza kweli kupata nzuri kwa bei nafuu kuliko yako. Je, moyo wako uko tayari kwa hilo? Jibu lake hulazimiki kuniandikia.

Nairobi nisingeifuta haraka. Kenya wanaendesha kushoto kama sisi, hizo Pijo zilikuwa nyingi kwao, na mzigo unapita Sirari kwa basi bila kuonja bahari. Lakini usitume hela kwa picha. Mwombe video ya taa pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, azigeuze uone nyuma, na kama kuna ndugu au rafiki wa huko azishike kwa mkono kabla hujalipa. Ile ya kutu ndani, fundi anasema sehemu inayorudisha mwanga inaweza kupakwa upya na wanaojua kazi hiyo. Kama kioo chake ni kizima, huenda mnatafuta taa moja tu, siyo mbili. Uliza kabla hamjagombana kwa ajili ya jozi.

Mama nimemweka mwisho, na ndiye ninayemfikiria zaidi. Unasema hajauliza habari za gari tangu siku ile. Umechukulia kwamba amekasirika, au anakushuku. Mjane anayeona watoto wake wananyimana maneno kwa sababu ya kitu alichokiomba yeye anaweza kunyamaza kwa sababu nyingine kabisa. Umemuuliza anataka nini hasa? Kuvuka daraja na watoto wake watano, au kulivuka ndani ya gari lile, au kulivuka Desemba? Mimi nikisoma barua yako siwezi kujua, na akikwambia la kwanza, mambo ya Desemba yanalegea na wewe unapata miezi ya kutafuta taa bila muuzaji yeyote kusikia haraka yako. Akikwambia ni gari lile na ni Desemba ile, hapo nanyi mtajua mnalipia nini, na pengine milioni mbili haitaonekana kichaa hata kwa wa Dar.

Usimpigie mdogo wako ukiwa na hasira, wala usiku. Na ukizungumza naye, mwambie ulivyoniambia mimi kuhusu kusinzia Kigongo mkisubiri kivuko. Yeye naye alikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Picha za alama zikipatikana, zitume hapa kwangu kama mtapenda. Fundi wa Nyakato amesema atazitazama bila malipo, ila ameomba na picha ya gari zima, na anataka kujua kama kiti cha safu ya tatu bado kinakunjika.